Bwana Koti wa Tatu na Jina la Kaka Yako

Magamba, Lushoto

Shemeji Zakaria,

Masika ya pili hii inanyesha juu ya kaburi la kaka yako na wewe hujatia mguu hapa. Umesahau njia? Njia ni ileile. Unashuka Mombo, unapanda mlima mpaka masikio yazibe, ukisikia baridi inakuuma ujue umefika. Ulikuja kuzika, ukakaa siku nne, ukala kuku wangu wawili, ukaondoka unafuta kamasi na kuniambia, "Shemeji, nitarudi kabla mahindi hayajakauka." Mahindi gani hayo, Zakaria? Huko Njombe siku hizi mnapanda mahindi ya mpira? Mtu anaweza kubeba mimba, akazaa, akaachisha ziwa, na wewe bado "nakuja."

Haya, nimemaliza kugomba, sasa nakusalimu. Kamwene. Mgongo unaendeleaje? Mama Lea macho yake yamepona, au bado anatia chumvi mara mbili kwenye mboga? Na mianzi mwaka huu imetoa ulanzi mzuri? Usiniambie huonji, mimi siyo mchungaji.

Sisi wazima. Goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu, lakini nalitumia hivyohivyo. Ng'ombe kazaa dume, hasara, nampenda hata hivyo. Plamu mwaka huu zilikuwa nyingi hadi zikaoza chini na nyuki wakalewa. Anayeandika barua hii ni Upendo, binti wa Eliza wangu. Yuko darasa la saba, mwandiko wake ni mzuri kuliko tabia yake. Nimemwambia aandike maneno yanavyotoka, asiyapake mafuta. Tena atanisomea yote kabla hatujafunga bahasha, kwa hiyo hana pa kunidanganya.

Barua zako tatu nimezipata. Ziko kwenye kopo la majani ya chai, na zote tatu zinauliza neno moja. Unanieleza desturi kana kwamba mimi ni mgeni niliyeokotwa stendi: mwanamume wa ukoo akifa jina lake halilali nje, nduguye anaketishwa mkekani, anavishwa kofia ya marehemu, anaitwa kwa jina lile mbele ya watu, na kuanzia hapo ndiye yeye, watoto wa marehemu wanamwita baba. Najua. Nilikuwepo alipoketishwa baba mkwe, wewe ulikuwa unanyonya. Najua pia kwamba mjane asipotoa neno, hakuna wa kuketishwa, na jina likipitisha mavuno mawili bila mtu linalazwa kabisa. Haliitwi tena, hata mtoto mchanga hapewi. Na wazee wanakaa mavuno haya yakiisha.

Kwa hiyo hakuna la kuchagua, maana ndugu wa tumbo moja umebaki wewe peke yako. Ni ndiyo au hapana. Nikisema ndiyo, wewe unakuwa Lugano. Nikinyamaza, Lugano anakwisha. Mwaka na zaidi sasa nimenyamaza, na najua huko wanasema mjane ana kiburi, milima ya Wasambaa imemlevya. Waache waseme. Leo nina neno. Lakini ili ulielewe lazima nikupitishe kwenye sinema, na ukicheka nitajua, hata ukichekea Njombe.

Unajua siku hizi kila kitu ruksa. Nguo za mitumba ruksa, redio za kila namna ruksa, na hapa kwetu mtu mmoja anaitwa Kaniki, Msambaa wa hapahapa, kachukua ghala la zamani la viazi upande wa njia ya Kwai, kaweka jenereta, mabenchi na televisheni kubwa kama kabati la vyombo. Jumamosi mchana, watu wakitoka gulioni, anaonyesha video. Viazi viliondoka zamani lakini harufu ilibaki, ukikaa humo unasikia njaa.

Mimi sikwenda kwa kupenda. Tulitoka gulioni na jirani yangu Mama Hoza, yule aliyekupa asali mazishini, mvua ikatukamata, akanivuta mkono tukaingia. Ilikuwa picha ya mpelelezi. Jina lake la kizungu halitamkiki, hapa wote wanamwita Bwana Koti, kwa sababu hata kwenye jua la jangwani havui koti. Mzungu huyo anatumwa na mzee mmoja mwenye miwani, wala haulizi anatumwa kwa nini. Haamkii mtu. Anaingia nyumba za watu kupitia dirishani. Hana shamba, hana mama, hujui anakula wapi, lakini shati lake halichafuki. Nikamuuliza Mama Hoza:

"Anatafuta nini?"

"Kuna chuma kimeibiwa."

"Chuma cha nini?"

"Sijui. Nyamaza."

"Mbona anamkumbatia huyo mwanamke, ndiye mwenye chuma?"

"Wee mama, nyamaza, tutafukuzwa kwenye mvua!"

Sikuelewa hata robo. Lakini nilimpenda, nisikufiche. Alikuwa na namna ya kunyamaza kabla hajajibu. Anakutazama kwanza, halafu anatabasamu upande mmoja, halafu ndipo anasema, na akisema ni maneno mawili. Unamjua mtu mwingine wa hivyo? Mimi namjua. Nililala naye miaka arobaini na saba, kutoka kwenye chai kule Bungu tulikoshushwa tukiwa vijana, mpaka huku kwenye misitu alikopasulia mbao hadi bega likapinda. Nikatoka ghalani nimelowa uso, nikamwambia Mama Hoza ni mvua, na yeye akaona paa halivuji akanyamaza. Ndiyo maana ni rafiki yangu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mwenyewe, bila mvua kunisukuma. Upendo naye nikamchukua anisomee maandishi. Picha ikaanza, muziki uleule wa kukimbizana, nikajiweka sawa kwenye benchi nimngoje mtu wangu. Akatoka mtu mwingine kabisa! Mrefu, mwembamba, pua kama mpini wa jembe. Koti lilelile. Bastola ileile. Mzee wa miwani anamwita kwa jina lilelile. Nikasimama.

"Kaniki! Huyu nani?"

"Bwana Koti, bibi."

"Bwana Koti namjua. Nimekuuliza huyu nani?"

Watu wakaanza kucheka. Mmoja nyuma akasema, "Bibi shikamoo, lakini kaa, unatuzibia."

"Marahaba, na sikai. Yule wa juzi yuko wapi?"

"Ndiye huyuhuyu bibi," akasema Kaniki. "Imebadilika sura tu."

"Sura tu? Kwani sura ni soksi?"

Walicheka mpaka jenereta halisikiki. Nilikaa, lakini sikumtazama yule mtu wa pua. Nilitazama ukuta. Na kilichoniudhi zaidi, alikuwa anaiga. Ananyamaza kabla hajajibu, anatabasamu upande uleule. Lakini tabasamu la kuazima unalijua, halina pa kukaa usoni.

Nilikwenda nyumbani kichwa kimejaa nyuki kama plamu zile. Siku tatu nalima maharage nawaza mtu anawezaje kuwa yeye na asiwe yeye, na wote wakaona sawa. Siku ya nne nikatupa jembe. "Mama Hoza!" nikaita ng'ambo ya mfereji. "Wamemrithi!"

"Wamemrithi nani?"

"Bwana Koti! Wa kwanza amekufa, mdogo wake ameketishwa mkekani. Ndiyo maana jina ni lile, koti ni lile, kazi ni ile, na mzee wa ukoo ni yule wa miwani. Wazungu nao wana akili, kumbe!"

Mama Hoza akasimama akashika kiuno. "Huko kwenu mnarithi mpaka bastola?"

"Tunarithi kila kinachoshikika."

"Na wale wanawake? Maana naye kawakumbatia walewale."

Nikamwambia hiyo ni tamaa ya mtu, siyo desturi.

Basi neno hilo likaenea Magamba nzima. Jumamosi ikifika watu hawaulizi picha gani, wanauliza, "Leo mrithi wa ngapi?" Kaniki akaanza kuandika kwa chaki mlangoni: LEO BWANA KOTI WA PILI. Na kelele zake, shemeji, kama kikao cha posa. Kaniki anasema hakuna kama wa kwanza, waliobaki wote ni wapambe. Mama Hoza anamtaka wa pili, eti ana meno mazuri. Nikamwambia meno hata punda anayo. Vijana wa mbao wanamtaka wa tatu kwa sababu ya magari yake, gari moja linaingia baharini na kutoka kavu.

Hapa tulisimama jana, Upendo mkono ulimchoka. Leo Jumapili, tumetoka kanisani, tunaendelea.

Huyo wa tatu nikueleze vizuri. Ni mfupi, kifua kipana, anatembea kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Alipotokea watu walimzomea, na mimi nilizomea, tena kwa sauti. Haigi kitu. Hanyamazi kabla ya kujibu, anajibu hapohapo na mara nyingine anakosea. Akikosea anaomba radhi. Kuna mahali anaanguka kwenye matope na koti linachafuka, anajitazama, anacheka mwenyewe. Mimi nimekaa pale na hasira zangu, nasubiri amalize niondoke. Wezi wakaja kwa nyuma yake, wana bunduki, hawaoni. Nikashtuka, nikamshika Mama Hoza paja: "Mama wee, Bwana Koti anauawa!"

Mama Hoza akanigeukia polepole. "Nani anauawa?"

Nilikuwa nimemwita. Ulimi ulimwita wenyewe, mimi sikuutuma. Na nimeutafakari ulimi huo mpaka leo, sijui ulipata wapi ruhusa.

Kuna na gemu. Hili ndilo lililonichanganya kuliko yote, na Upendo hapa ananuna kwa sababu ndilo analolipenda. Kaniki alileta kisanduku kutoka Dar, kinachomekwa kwenye televisheni, una kitu mkononi chenye vibonye, na Bwana Koti anatokea humo mdogo kama panzi, anakwenda unakomtuma. Nikamuuliza Upendo huyu ni wa ngapi. Akaniambia, "Huyu siyo wa ngapi, bibi. Humu Bwana Koti ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye ninayemwendesha."

Kwa hiyo urithi umefika mpaka kwa msichana wa darasa la saba, na hakuna aliyeniuliza! Akanipa na mimi nijaribu. Ana roho tatu, zimechorwa pembeni kama mayai. Ya kwanza nikaitumbukiza mtoni. Ya pili ikatumbukia mtoni palepale. Ya tatu nikasema sasa nitakuwa mwangalifu, nikamgeuza arudi nyumbani, akagonga ukuta akatumbukia mtoni kinyumenyume. Upendo akacheka mpaka akalala chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeua watu watatu, na muziki unaimba vilevile. Kibonye kimoja tu, anasimama tena, mkavu, koti safi. Wote ghalani wanasema gemu ni tamu kuliko picha. Mimi naona ndilo baya kuliko yote. Mtu hafi humo, na kwa sababu hafi hakuna anayemhitaji.

Nilichokipenda hasa ni kile kipindi kifupi cha sikukuu. Siyo picha kamili. Kaniki alisema kilitengenezwa kwa ajili ya Krismasi tu, huko kwao kikaonyeshwa mara moja. Wengi walikiponda kwa sababu hakina bunduki. Bwana Koti wa tatu anakwenda kwa mama yake. Kumbe ana mama! Bibi wa kizungu, nywele nyeupe, yuko mezani anamenya viazi, kisu chake hakisimami. Kijana anaingia, na yule mama anamtazama usoni, anamwita jina lile, anamsogezea kisu cha pili wamenye pamoja. Basi. Hivyo tu, mpaka mwisho. Wanamenya viazi, wanaongea maneno ambayo Upendo hakuyasoma upesi ya kutosha.

Mimi nilimtazama yule mama tu. Alimzaa yule wa kwanza mwenye tabasamu, siyo? Akampata wa pua. Sasa kaletewa huyu mwenye kokoto kiatuni. Na hakusita hata kidogo. Nikamuuliza Mama Hoza, "Huyu mama amewezaje?"

"Labda amezoea."

"Mbona halii?"

"Kwani analia nini? Mwanawe si huyo?"

Sikulala vizuri wiki ile. Niliona hilo jambo limekosewa kwa mzizi. Kwetu, mrithi haitwi kwa jina kabla marehemu hajaliliwa, na hawa wazungu walimvisha mtu koti kesho yake, hakuna aliyempa mtu pole, hata mama mzazi kaachwa na viazi vyake. Najua ni picha, Zakaria. Sikuzaliwa jana. Lakini nilikuwa nimekalia benchi la watu miezi yote ile, nimecheka na kuzomea juu ya msiba, na mimi mwenyewe mjane. Nikaona aibu. Basi Jumatatu asubuhi nikajaza unga kwenye kikapu, nikajitwika kuni mzigo mdogo, nikampitia Mama Hoza, tukaenda kwa Kaniki, kwa sababu ndiye anayewatunza.

Alitoka na mswaki mdomoni. "Karibuni. Vipi tena, bibi, na kuni?"

"Tumekuja na pole. Unga ndio huu, haba na haba."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Bwana Koti wa kwanza."

Akamtazama Mama Hoza. Mama Hoza akatazama migomba. Mkewe akatoka jikoni akasimama, kwa sababu mwanamke akiona unga na kuni asubuhi hacheki kwanza, anauliza.

"Bibi," akasema Kaniki taratibu, "yule hajafa."

"Hajafa?"

"Hajafa. Kazeeka tu, kaacha kazi. Nimesoma gazetini. Ana nyumba kando ya bahari, anafuga mbwa."

"Na jina lake wamempa mwingine yeye akiwa hai?"

"Ndiyo."

"Naye anajua?"

"Anajua. Gazeti linasema hata picha za wenzake anazitazama kwenye televisheni, kama sisi. Na huyu wa tatu anampenda, eti alimwandikia barua ya kumpongeza."

Nilikaa juu ya mzigo wa kuni. Goti lilikuwa linauma, lakini halikuwa goti. Mke wa Kaniki akaupokea unga, maana unga wa pole haurudishwi njiani, akasema "hongea, mama," ndiyo asante ya Kisambaa, akapika uji, tukanywa wote wanne kimya kwa ajili ya mzungu mzima anayefuga mbwa. Tukirudi, Mama Hoza akaniambia, "Leo umenitia aibu ambayo sijawahi kutiwa tangu niolewe." Halafu akanishika mkono kwenye mteremko kwa sababu ya utelezi, hakuuachia mpaka nyumbani.

Sasa nikuambie kwa nini sikukujibu. Siyo kiburi. Wala sikuchukii, mjinga wewe, nilikuogesha ukiwa na surua. Niliogopa. Niliona siku nitakayokuita Lugano, Lugano atakuwa amekufa mara ya pili, na mara hii muuaji ni mimi, kwa mdomo wangu. Wakati jina halina mtu, nalikuta asubuhi pale lilipolala, kitini kwake, nyuma ya mlango alipotundika msumeno. Ningekupa wewe, ningebaki na kiti.

Nami yale ya Kaniki siyaelewi vizuri mpaka leo, usije ukaniambia nieleze. Sisemi kaka yako anafuga mbwa mahali. Mchungaji ameshatufundisha aliko na mimi naamini, ingawa hakusema wanafanya nini mchana kutwa huko. Nasema tu kwamba nilikaa kwenye kuni nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: jina linatembea huku mgongoni mwa mtu mwingine, na mwenyewe amekaa zake, analitazama likitembea, hana kinyongo. Kama mzungu anaweza, Lugano hawezi? Lugano aliyekuwa akimpa mpita njia shati lake?

Kwa hiyo neno langu ni ndiyo. Upendo, iandike kubwa. NDIYO. Waambie wazee wakuketishe mkekani kabla mavuno hayajaisha, na wasinisingizie tena kiburi.

Lakini kuna mambo. Barua yako ya tatu umeniandikia unafuga sharubu kama za kaka yako, na unajifunza kupiga mluzi wake wa jioni ili watoto wasione pengo. Nyoa. Nyoa leo, kabla hujaikunja barua hii. Yule wa pili aliiga nikatazama ukuta saa mbili nzima, na ukiiga wewe nitatazama ukuta mwaka mzima. Wewe ni mropokaji, unacheka kabla ya kumaliza kisa, unalia kwenye harusi. Uwe Lugano wa namna hiyo. Wa kwanza tulishakuwa naye.

La pili, umerithi jina, hujanirithi mimi. Nakuandikia wazi Mama Lea asije akakosa usingizi. Mwambie mwenzangu nina miaka ya kutosha, sina haja na mwanamume mwingine wa kumfulia soksi, amtunze wa kwake.

La tatu silijui nikuulize wewe. Sasa hivi ukinikuta unaniamkia shikamoo, mimi mke wa kaka yako mkubwa. Ukishakuwa yeye, nani atamwamkia nani? Lugano nilimwamkia kila asubuhi, miaka yote, hata siku tuliyogombana. Nawe nilikuosha kamasi. Nimewauliza Mama Hoza na mzee wa kanisa, kila mmoja kajibu lake. Waulize wazee huko. Wakishindwa, tutaamkiana kwa zamu.

Obedi wangu wa Tanga nimemwambia atakuita baba. Akauliza kama baba huyu mpya anajua kupasua mbao. Nikamwambia hajui kitu, lakini ana moyo. Akasema, "Basi sawa, mama." Eliza alilia. Yeye hulia, hilo siyo jibu.

Nisalimie Mama Lea na macho yake. Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie bado nina kitenge alichonipa nilipoolewa, panya wamekula pindo tu. Nisalimie Fanueli, mtoto wa baba mdogo, mwambie aache kuwatania wajane kwenye barua za watu. Wasalimie na majirani wa mtoni, walio hai kwa midomo na waliolala kwa maua. Upendo anakusalimia, shikamoo babu, anauliza kama Njombe wana gemu. Mjibu hapana hata kama wanazo.

Ni mimi, shemeji yako, Mama Obedi, mjane wa Lugano. Sijui kuandika, hiyo alama nyeusi hapa chini ni dole gumba langu, nimelichovya kwenye wino vizuri ili wazee wasiseme kaandika mtoto.

Na ukija, njoo baada ya kuketishwa, siyo kabla. Njoo mchana nikuone vizuri. Usipige hodi, usijitaje, usiniambie wewe ni nani. Simama uani tu mpaka nitoke nikuite. Nikikosea nikasema Zakaria, usiitike wala usinisahihishe. Subiri palepale, nitajaribu tena.